Maumivu Niliyoyaandika kwa Mkono Wangu

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe na walio wazima, asifiwe na wanaoumwa, asifiwe hata na sisi tuliochelewa kuelewa!

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Baba Wambui, yule seremala wa vitanda na makabati mwenye kibanda kando ya barabara ya Ngong, karibu na Jamhuri. Hayo mabenchi mliyokalia huko mbele niliyatengeneza mimi, na kama kuna moja linalolia mtu akijigeuza, nimesikia, nitalirekebisha. Kwetu ni hapa hapa Waithaka, kwenye kipande alichotuachia marehemu baba. Mke wangu ni Nafula, Mama Wambui, fundi wa nguo. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akaja kukaa kwa shangazi yake Uthiru kujifunza cherehani, na huko ndiko nilikomwona, akiwa ameuma sindano midomoni akipima mtoto sare ya shule. Tumekaa pamoja miaka ishirini na mitatu.

Nimemwomba Mchungaji nafasi hii kwa sababu moja. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikawaambia mke wangu amepona. Mlipiga makofi, mkapiga vigelegele, kina mama wakaimba mpaka paa likatetemeka. Ndugu zangu, ushuhuda ule haukuwa wa kweli. Nimekuja kuusahihisha, halafu niwaambie Bwana alinitendea nini baadaye.

Naomba mnivumilie. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Ugonjwa wa mke wangu ulianza mabegani. Akasema ni kuinamia cherehani, nami nikakubali, kwa sababu kila fundi anajua kazi huacha alama mwilini. Lakini ukashuka mgongoni, ukaenda nyongani, magotini, mpaka nyayo. Alikuwa anaamka asubuhi kama mtu aliyetwangwa kwenye kinu. Amelala saa nane nzima, lakini ukimwangalia utadhani amekesha matangani. Nikimgusa mkono tu, hata kwa upole, anaushtusha. Mkasi ukawa adui yake. Na akaanza kusahau. Fundi ambaye hakuwahi kukosea kipimo akashona mikono ya shati la mtoto wa darasa la kwanza kwenye shati la kijana wa darasa la nane! Tulicheka siku hiyo. Yeye alicheka kidogo tu, kisha akaanza kufumua uzi.

Tulikwenda hospitali. Ndugu zangu, tulizunguka! Damu ikapimwa, mkojo ukapimwa, akapigwa picha za mifupa. Huyu akasema ni baridi yabisi, yule akasema hapana. Mwingine akasema ni mawazo, mama apumzike. Mzee mmoja wa mitishamba akatupa chupa ya kitu cheusi kilichomharisha siku mbili na kumwacha na maumivu yale yale. Kila karatasi ya vipimo ilirudi na neno moja: safi. Damu safi. Mifupa safi.

Sasa mimi ni mtu wa tepu. Kwangu kabati ni futi ngapi kwa futi ngapi. Kitu nisichoweza kukipima, sikijui. Niliichukua ile picha ya mgongo wa mke wangu nikaenda nayo kibandani, nikaiinua juu juani. Mafundi wenzangu wakaja, tukasimama hapo tukiichungulia mifupa ya Mama Wambui jinsi tunavyochungulia mbao kuona kama zimepinda. Mmoja akasema, "Si iko sawa tu?" Nami nikasema, "Iko sawa kabisa." Tukarudi kazini.

Siku hiyo ndipo nilipoacha kumwamini mke wangu. Sikuamua kwa mdomo. Niliamua kimoyomoyo, na moyo ulipoamua, mdomo ukafuata.

Sikumpiga, sikumtukana. Nilianza tu maneno madogo madogo. Akisema anaumwa, nasema, "Jana pia ulikuwa unaumwa." Akilala mchana, nafunga mlango kwa nguvu kidogo. Nilimwambia mama yangu alilima shamba hili mpaka mvi zikamjaa kichwa na hakuna siku aliyolia mgongo. Nafula alikuwa ananijibu mwanzoni. Baadaye akaacha. Nilidhani ameona makosa yake. Kumbe mtu huacha kujibu kwa sababu nyingine!

Basi tukasikia mhubiri mgeni yuko mjini kwa siku tatu, kwenye ukumbi fulani. Nikampeleka. Nilikwenda kwa imani, siwadanganyi, lakini ndani ya imani ile kulikuwa na hasira. Nilitaka jambo hili liishe. Mhubiri akamwita mbele, akamwombea, akamwambia, "Inua mikono!" Akainua. "Ruka!" Akaruka. Watu wakalipuka kwa shangwe. Nami nilimwona machozi yakimtoka, nikasema moyoni, ni ya furaha. Nyumbani alilala siku tatu bila kuweza kujisuka nywele. Wambui, binti yetu, ndiye aliyemlisha uji.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Alijikaza akaja kanisani. Nami kabla hajaketi vizuri, nikasimama nikawaambia kwamba Bwana amemponya mke wangu kabisa. Sikumuuliza kwanza. Ndugu zangu, sikumuuliza!

Sikilizeni sasa matunda ya ushuhuda huo. Mama akiwa amepona, anapewa kazi. Mlimrudisha kwenye kwaya, kusimama ibada nzima. Mkampa zamu ya kufagia. Wageni wakija, Mama Wambui apike, si ameponywa? Siwalaumu. Mlifanya kwa neno langu. Na yeye hakukataa hata siku moja. Angekataaje? Angesema bado anaumwa, mumewe angekuwa mwongo mbele ya kanisa, na wengine wangesema Mungu ameshindwa. Basi alikuja, akasimama, akaimba, akafagia. Akifika nyumbani anakwenda kukaa bafuni, bomba likiwa wazi. Wambui aliniambia baadaye kwamba mama yake hakuwa anaoga. Alikuwa analia, na maji yalikuwa ya kuficha sauti.

Miezi mitano.

Mnakumbuka ile harusi ya Agosti. Kina mama walikuwa wanapika nyuma ya kanisa. Nafula na mama mwingine walikuwa wanatoa sufuria ya pilau motoni, kila mmoja ameshika upande wake. Mikono ya Nafula ikaachilia. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeungua, lakini pilau lote lilimwagika udongoni, wageni wakiwa wameketi wanangoja. Kina mama wakakusanyika. Halafu mmoja wao, simtaji, akasema hayo ndiyo huwapata watu wasioushikilia uponyaji wao.

Niliitwa. Nilimkuta amekaa juu ya kreti ya soda, mikono imelala mapajani kama si yake. Na neno la kwanza nililomwambia lilikuwa hili: "Umeniaibisha."

Aliniangalia. Hakukasirika. Akasema, "Nimekusitiri miezi mitano, Baba Wambui. Leo mikono imekataa."

Nilisikia maneno hayo, lakini sikuyaelewa. Niliona aibu yangu tu. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma.

Baada ya hapo Nafula alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda hospitali bila kuniambia, peke yake. Huko muuguzi mmoja akamsikiliza, akamwambia kuna madaktari mjini wanafanya utafiti kuhusu maumivu ya namna yake, maumivu ya misuli na viungo yasiyoisha na yasiyoonekana kwenye picha. Wanatafuta watu wa kuzungumza nao. Alirudi na karatasi. Ilisema mgonjwa ataandika daftari kila siku kwa wiki nane, na asiyeweza kushika kalamu aje na mtu wa kumwandikia. Wambui alikuwa amerudi chuoni. Nilibaki mimi.

Aliweka karatasi mezani, mbele ya chai yangu. Nikamwambia, "Mama Wambui, madaktari hawajapata kitu miaka yote hii. Hawa nao watapata nini?"

Akasema, "Nakuomba mkono wako tu. Imani yako utakaa nayo."

Ndugu zangu, mtu akikwambia hivyo, utafanya nini? Nilikwenda.

Ofisi yao ilikuwa gorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya mji. Lifti haikuwa inafanya kazi siku hiyo. Mke wangu alipanda ngazi akipumzika kila kona, ameshika ukuta. Nami, Bwana anisamehe, nilisimama ngazi tatu juu yake nikiangalia saa.

Daktari alikuwa mwanamke, tumwite Daktari Akinyi, mdogo kiasi cha kuwa binti yangu. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuangalia bahasha ya picha niliyoibeba. Aliiweka kando. Akamwambia mke wangu, "Mama, niambie mwenyewe. Wapi, na tangu lini?" Kisha akanyamaza! Nafula alianza kwa wasiwasi, akiniangalia mimi kila sentensi kama mtu anayeomba ruhusa. Kadiri alivyoendelea akaacha kuniangalia. Alizungumza kwa muda mrefu. Mimi niliyekaa naye miaka ishirini na mitatu nilisikia mambo huko ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba mshono wa gauni ukipita begani ulikuwa unamchoma. Kwamba kelele za randa ninapolainisha mbao nyumbani zilikuwa zinamuumiza mwili, si masikio tu. Kwamba alikuwa anaamka kabla yangu kila siku, apate nusu saa ya kujinyoosha polepole jikoni, nisimwone akitembea kama bibi kizee.

Daktari alimchunguza, akamgusa hapa na pale, akauliza tena. Mwisho akasema ugonjwa huu una jina. Fibromialjia. Jina refu kuliko kitanda cha futi sita! Nikamuuliza mbona haukuonekana kwenye picha. Akaniambia, "Mzee, wewe una mbwa nyumbani?" Nikasema ninaye. "Mbwa mzuri hubweka mwizi akija. Sasa chukua mbwa ambaye ameanza kumbwekea kila mtu. Mwenye nyumba akiingia, anabweka. Jani likianguka, anabweka. Ukipiga picha ya boma hutaona mwizi. Lakini kelele ipo, na watu wa boma hawalali. Neva za Mama, mishipa ya fahamu, ziko hivyo. Maumivu ni ya kweli."

Mke wangu alifunika uso kwa leso. Nikamuuliza, "Umezidiwa?" Yeye akatikisa kichwa, akasema ndani ya leso, "Hapana. Daktari amesema maumivu ni ya kweli."

Daktari hakutuahidi kupona. Alisema wazi kwamba bado kuna mengi hawayajui, ndiyo maana wanauliza. Hakuna atakayelazimishwa, na akitaka kuacha ataacha. Akampa dawa ndogo ya kumeza jioni, na maelekezo ya kutembea kidogo kidogo, na lile daftari. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, kuna jambo moja tu la lazima. Andika anavyosema yeye. Usitengeneze."

Nikasema sawa.

Tukaanza. Asubuhi, jua likichomoza, chai mezani, mimi na kalamu ya kibandani. Umelala vipi? Maumivu yako wapi? Jana ulifanya nini? Jambo gani lilikuwa gumu zaidi? Mwanzoni niliandika kama mtu anayeandika oda ya mteja. Mabega. Shingo. Nyonga ya kushoto. Lakini ukiandika maumivu ya mtu kila siku kwa mkono wako, ndugu zangu, mkono unaanza kujua. Nilianza kuona kwamba siku nilizodhani amekuwa mvivu zilikuwa siku zilizofuata siku alizojituma sana. Niliona kwamba hakuwahi kusema kila mahali panauma kama hapakuwa panauma. Kuna asubuhi alisema, "Leo magoti yako sawa. Andika magoti yako sawa." Nikajiuliza, mtu anayedanganya angesema hivyo kweli?

Wiki ya tatu, tulifika kwenye lile swali. Jambo gani lilikuwa gumu zaidi? Alikaa kidogo, ameshika kikombe kwa viganja viwili apate joto. Akasema, "Andika hivi. Kuumwa ninaweza. Jambo gumu ni kuumwa ndani ya nyumba ambayo mume wangu haniamini."

Kalamu ilisimama.

Akaniambia polepole, "Andika, Baba Wambui."

Niliinama nikaandika. Akaona mkono wangu ukienda, akaridhika, akaendelea kunywa chai. Miwani yake ilikuwa chumbani.

Ndugu zangu, niliandika: kazi za nyumbani.

Maneno matatu. Niliona haya. Daktari yule mdogo angesoma. Wasaidizi wake wangesoma. Seremala wa Waithaka, mzee wa kanisa, mume ambaye hamwamini mkewe! Nikafunga daftari nikaenda kazini, na siku nzima nilikata mbao vibaya.

Juma lililofuata tulirudi mjini. Kawaida yao ni kulisoma daftari mbele ya mgonjwa, kuhakikisha. Daktari Akinyi alikuwa anasoma ukurasa baada ya ukurasa, mke wangu akiitikia: ndiyo, ndiyo, ni kweli. Nilijua ukurasa ule unakuja. Nilihesabu.

Akasoma: "Jambo gumu zaidi: kazi za nyumbani." Akainua macho. "Ni hivyo, Mama?"

Nafula alinigeukia. Alielewa mara moja. Niliona akielewa. Nilingoja aseme. Alikuwa na haki yote, na mahali pa kusemea, na mtu wa kumsikiliza.

Akamgeukia daktari akasema, "Ndiyo. Ni kazi za nyumbani."

Alinisitiri tena! Mbele ya watu pekee duniani waliokuwa wamemwambia aseme ukweli, alitupa ukweli wake ili mimi nisipate aibu. Ndipo nikaelewa lile neno aliloniambia siku ya harusi. Niliiona miezi ile mitano yote. Kwaya, ufagio, sufuria, maji ya bafuni. Mimi ambaye nilikuwa nataka kitu cha kupima, sikuwa na kipimo cha kile nilichokiona kwenye uso wa mke wangu.

Nikasema, "Daktari, si hivyo. Huyo mama hakusema hivyo. Nilibadilisha mimi."

Nikaeleza. Niliyasema maneno yake yote kama alivyoyasema, mpaka lile la mwisho. Nilingoja nifukuzwe.

Daktari Akinyi alisukuma daftari mbele yangu. Nikachukua kalamu nikitaka kulifuta lile neno kabisa, kulipaka wino lisionekane. Akanizuia. "Usifute, Mzee. Kwetu hatufuti. Piga mstari mmoja tu, kosa liendelee kuonekana. Kando yake andika lililo kweli. Halafu weka sahihi yako na tarehe ya leo."

Nilipiga mstari. Nikaandika. Jambo gumu ni kuumwa ndani ya nyumba ambayo mume wangu haniamini. Herufi zikawa kama za mtoto wa chekechea. Nikaweka sahihi. Daktari alisoma, akasema, "Asante. Mgonjwa anayekuja baada ya Mama, hii itamsaidia kuliko ile."

Tulipokuwa tunashuka, Nafula alipumzika kwenye kona ya ngazi kama kawaida. Safari hii sikusimama mbele. Nilikaa kwenye ngazi kando yake, watu wa ofisi wakitupita na mikoba yao. Nikamwambia, "Nafula, nisamehe." Sikuwa nimemwita jina lake tangu Wambui azaliwe.

Aliegemea ukuta. Kisha akasema, "Nilikuwa nimechoka kuwa mgonjwa peke yangu."

Nikamuuliza, "Sasa hivi ni wapi?" Akacheka kidogo, akiniangalia kama ananitania. Halafu akaona sitanii. Akaanza kunionyesha, polepole, kuanzia bega la kulia. Nilisikiliza mpaka akafika nyayo. Hatukuondoka pale haraka.

Ndugu zangu, hapo kwenye ngazi za jengo la watu ndipo Bwana aliponifungua. Hakukuwa na kinanda wala maikrofoni. Nilifunguliwa kiburi. Nilifunguliwa moyo wa mbao.

Mtaniuliza, na mke wako je? Wacha niseme ukweli wote, nisirudie kosa. Mke wangu hajapona. Maumivu yapo. Lakini analala vizuri kuliko zamani. Alianza kutembea kutoka langoni mpaka kwa muuza mboga na kurudi, baadaye mpaka kwenye lami, na sasa kuna siku anafika hadi stendi na kurudi amebeba sukuma wiki yake mwenyewe. Siku mbaya anatembea nusu, lakini hatembei sifuri. Daktari alimfundisha hivyo. Nilimtengenezea meza ya kukatia nguo inayolingana na kiwiko chake, na kiti chenye mahali pa kupumzisha mikono. Anashona asubuhi kwa muda wa saa mbili, anaacha kabla mwili haujamwachisha. Nguo ninafua mimi. Wapangaji wa vyumba vyetu walicheka mwanzoni, wakasema mzee amekaliwa na mke. Wacha wacheke! Sasa mmoja wao amekuja kuniuliza kimya kimya kuhusu mama yake.

Daftari tulilirudisha wiki ya nane ilipoisha. Walitushukuru, wakasema watayasoma madaftari yote pamoja, ya watu wengi, waone yanafundisha nini. Nafula alilishika kwa viganja viwili kabla ya kuliachilia. Akasema kama kuna mama mwingine atakayeaminiwa mapema kwa sababu ya hili, basi hakuumwa bure.

Kuna atakayesema, Baba Wambui, huo si muujiza. Ndugu yangu, mimi nimeketi karibu nao. Kuna siku Bwana huuondoa mzigo, na nitaendelea kumwomba hivyo kila asubuhi, kwa sababu naamini anaweza. Na kuna siku anamtuma mtu wa pili ashike upande wa pili wa mzigo. Mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba miaka yote. Alikuwa amelala fofofo, na Bwana akamwamsha. Msininyime kumshukuru kwa hilo!

Ninawashukuru madaktari wanaouliza na kunyamaza wasikie. Ninamshukuru muuguzi yule ambaye hata jina lake silijui. Ninamshukuru binti yangu Wambui, aliyejua kabla yangu. Na kina mama wa kanisa, kama mlisema neno siku ile ya pilau, lilianzia kinywani mwangu. Nilaumuni mimi, halafu tusameheane.

Kama uko hapa na umechoka kuumwa mahali pasipoonekana, usiache kusema. Mtumaini Bwana, yeye hakuhitaji picha ili akuamini. Na kama huumwi, ila kuna mtu kwako anayesema anaumwa, nakusihi leo, ukifika nyumbani, usimwombee kabla hujamsikiliza.

Mama Wambui yuko pale nyuma, karibu na mlango, ameketi. Leo ni siku mbaya. Shingo na magoti. Amesema tusimame bila yeye kwenye wimbo wa mwisho. Mkitoka, msimkimbilie kumkumbatia, na msimbane mkono. Msalimieni polepole. Na yeyote anayeumwa kama yeye akakae naye. Benchi lile ni refu, nililitengeneza mwenyewe, linatosha watu sita.